Zuhura Anataka Nini? Maneno ya Kazi kwa Anayeanza Kuandika Skripti

Kijana aliyemaliza sekondari Tanzania au Kenya anayajua maneno haya: dhamira, wahusika, mandhari, mgogoro, taharuki, kilele. Aliyatumia kuchambua riwaya na tamthilia za watu wengine, akapewa alama. Siku anapokaa kuandika skripti yake mwenyewe, huyaacha kwenye daftari la shule na kuanza moja kwa moja na mazungumzo. Watu wawili wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, simu inalia, mmoja anaaga. Kurasa kumi zimekwisha na hakuna kilichotokea.

Ushauri wangu ni kuyarudisha maneno yale mezani, ila safari hii yawe maswali. Mchambuzi anaikuta kazi imekwisha na kuuliza kuna nini ndani yake. Mwandishi anauliza mapema, kabla hajaandika, na anauliza tena rasimu ya kwanza ikikamilika. Kila istilahi nitakayoitaja hapa iulize hadithi yako. Isipojibu, hapo ndipo penye kazi.

Tuwe na hadithi moja ya kujaribia. Zuhura ni fundi cherehani mwenye fremu ya biashara Tandika, Dar es Salaam. Kamati ya harusi imempa fedha za kununua vitenge na kianzio cha ufundi ili ashone sare za wanawake ishirini. Harusi ni Jumamosi. Leo Jumatatu, na fedha zote amelipia ada ya mwanawe aliyekuwa amerudishwa nyumbani. Mwenyekiti wa kamati ni Bi Mwanahawa, shangazi wa bi harusi, ambaye pia ndiye mwenye nyumba anayempangisha Zuhura ile fremu.

Hapo tuna hali tu. Waandishi wengi wanaoanza huishia hapo wakidhani wamepata hadithi.

Lengo, hitaji na dau

Swali la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: mhusika mkuu anataka nini? Jibu liwe kitu ambacho kamera inaweza kukipiga picha. "Zuhura anataka maisha bora" haipigiki picha. "Zuhura anataka magauni ishirini yawe yametundikwa kwenye fremu Jumamosi asubuhi" inapigika, na mtazamaji anaweza kuhesabu pamoja naye: matatu, saba, kumi na mbili. Hilo ndilo lengo. Linampa mtazamaji kipimo cha kujua kama mambo yanakwenda au yamekwama.

Itazame Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu na kuwaigizia wateja vipande vya filamu hizo. Hajahutubia mtu kuhusu ndoto yake, nasi tumekwisha kujua anataka kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi, anaporwa siku ileile ya kufika, anajikuta mahabusu, na kutokana na watu aliokutana nao huko anaingia kwenye genge la wezi. Usiku anaiba, mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Filamu hiyo ina mambo mengi ndani yake, rushwa ya polisi, urafiki, umaskini wa jiji, lakini haisambaratiki, kwa sababu kila jambo linarudi kulijaribu lengo lile moja.

Chini ya lengo kuna hitaji. Lengo ni kile mhusika anachokikimbilia akijua. Hitaji ni kile kinachopungua ndani yake bila yeye kukijua, au akikijua lakini anakikwepa. Zuhura anataka kumaliza kazi bila mtu kugundua. Anachohitaji ni kuweza kusema "nimekwama, nisaidieni." Amezoea kubeba mambo yake peke yake, na hadithi nzima itambana hadi mahali ambapo ukimya hausaidii tena. Lengo lina kazi ya kuisukuma ploti. Hitaji ndilo linalozaa dhamira, na dhamira iliyozaliwa hivyo haihitaji mhusika wa kuihubiri mwishoni mwa filamu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu filamu zetu nyingi zina mzee anayesimama dakika ya mwisho kutoa mafunzo. Mzee huyo huja kufanya kazi ambayo ploti haikuifanya.

Kisha uliza dau: akishindwa anapoteza nini? Kama Zuhura akishindwa atasikitika tu, mtazamaji naye atasikitika kidogo na kubadilisha chaneli. Akishindwa na kupoteza fremu, mashine na jina lake mtaani Tandika, ambako fundi huishi kwa kusifiwa na mteja mmoja kwa mwingine, basi mtazamaji atakaa. Dau si lazima liwe kifo. Linatakiwa liwe kubwa kwa mtu huyu, mahali hapa, wiki hii.

Mpinzani asiwe katili wa bure

Mgogoro ni malengo mawili yasiyoweza kutimia pamoja. Watu wakigombana kwa makelele bila malengo kugongana, hiyo ni fujo tu. Tumeona mapigano mengi ya mama mkwe na mke wa mtu ambayo ukiuliza kila mmoja anataka nini hasa, hupati jibu.

Mfano mzuri wa mgogoro usio na mtu mbaya ni Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiotibika, anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani, na anataka mtoto apumzike, alindwe. Dada yake, Mwix, anataka Jo aziishi siku zilizobaki, na anakwenda mpaka kuwashawishi wanakijiji wamsadikishe kwamba kweli ana nguvu hizo. Mama na dada wote wanampenda Jo. Malengo yao hayakai nyumba moja. Mtazamaji hana wa kumchukia, na ndiyo maana filamu inamuuma.

Kwa hiyo Bi Mwanahawa mpe sababu. Tuseme binti yake mwenyewe aliolewa miaka iliyopita, fundi akachelewesha nguo, familia ikaingia ukumbini kila mtu na vazi lake, na maneno ya watu hayakuisha. Ameapa haitatokea tena kwa mtoto wa kaka yake. Sasa akimbana Zuhura, anatetea kitu chake. Kipimo ninachokipenda ni hiki: jaribu kuisimulia hadithi yote kwa upande wa mpinzani, yeye akiwa ndiye mwenye haki. Ukishindwa, bado hujamjua.

Hadithi inaanzia wapi

Usimwamshe mhusika kitandani. Skripti za wanaoanza hufunguka kwa saa kulia, mtu kujinyoosha, mswaki, chai, kuaga nyumbani, na hapo dakika tano za filamu zimekwisha. Hadithi huanza karibu na kichocheo, yaani tukio linalouvunja utaratibu wa maisha ya mhusika na kumlazimisha achukue hatua. Kwa Zuhura, kutumia fedha bado si kichocheo. Alikwisha kuzitumia, na alikuwa na mpango wa kuhangaika taratibu mpaka Jumamosi. Kichocheo ni Bi Mwanahawa kuingia kwenye fremu Jumatatu jioni na kusema atakuja kesho kuviona vitenge. Muda uliokuwa siku tano umekuwa saa chache. Tukio kama hilo lisichelewe. Katika filamu ndefu, mtazamaji awe amelipata ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo.

Kutoka hapo unaijenga ploti, yaani mpangilio wa matukio kwa jinsi moja linavyosababisha jingine. Trey Parker na Matt Stone, watunzi wa katuni ya South Park, waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York mwaka 2011 kipimo ambacho kinakaa vizuri sana kwenye Kiswahili chetu. Orodhesha matukio yako, kisha tazama neno unaloliweka kati ya tukio na tukio. Ukijikuta unasema "halafu… halafu… halafu," una msururu wa mambo. Unatakiwa kusema "lakini" au "kwa hiyo."

Bi Mwanahawa anasema atakuja kesho kuona vitenge. Kwa hiyo Zuhura anakwenda Kariakoo alfajiri kumwomba mfanyabiashara amkopeshe. Lakini mfanyabiashara anataka dhamana. Kwa hiyo anamwachia cherehani yake ya umeme. Lakini sasa ana vitenge na hana mashine. Kwa hiyo anaifunua cherehani ya miguu ya marehemu mama yake, ambayo hajaigusa tangu msiba.

Tazama kiungo chochote katika mnyororo huo: ukikiondoa, vinavyofuata vinaanguka. Fanya zoezi hili kwenye karatasi moja kabla ya kufungua kompyuta. Litakuokolea wiki kadhaa za kuandika sini ambazo baadaye utazifuta.

Na ile cherehani ya mama inatufundisha jambo jingine, kupanda na kuvuna. Ikitokea ghafla siku ya Jumanne wakati inapohitajika, mtazamaji ataona mkono wa mwandishi. Kwa hiyo unaipanda mapema: katika sini ya kwanza ya nyumbani kwa Zuhura, kuna cherehani kuukuu pembeni, imefunikwa kitambaa, juu yake runinga, na mtoto anaambiwa aache kuchezea kanyagio lake. Hakuna anayeeleza kitu. Ikivunwa baadaye, inavunwa na huzuni yake. Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, aliwaambia waandishi wa zama zake wasitundike bunduki jukwaani kama haitafyatuliwa. Kinyume chake nacho ni kweli: kisifyatuke kitu ambacho hakikuwahi kutundikwa.

Hapo ndipo sadfa inapoharibu skripti. Sadfa ikimwingiza mhusika matatani, mtazamaji huikubali; maisha ndivyo yalivyo. Ikimtoa matatani, anahisi ametapeliwa. Mjomba asirudi kutoka Uarabuni Ijumaa jioni na bahasha ya fedha.

Kuhusu muundo wa jumla sitakaa sana. Aristotle alikwisha kusema katika maandiko yake juu ya ushairi kwamba hadithi kamili ina mwanzo, kati na mwisho, na Mmarekani Syd Field, katika kitabu chake Screenplay cha mwaka 1979, aligawa filamu katika sehemu tatu: takribani robo ya kuanzisha, nusu ya kupambana, robo ya kumaliza, na geuko kubwa likikaa kila sehemu inapoishia. Mgawanyo huo ni msaada mzuri unapopotea katikati. Usiutumie kama rula ya kumpigia mtu skripti iliyo hai. Na ukiandikia tamthilia za televisheni, kama Huba au Jua Kali za Maisha Magic Bongo, hesabu hubadilika: kila kipande lazima kiishie kwenye swali linalomvuta mtazamaji kesho, na swali hilo linahitaji kupangwa tangu mwanzo wa kipande, lisibandikwe kwenye sekunde ya mwisho.

Lakini kilele kinastahili muda. Ni pale lengo na hitaji vinapokutana na mhusika analazimika kuchagua. Ijumaa usiku Zuhura ana magauni kumi na mawili. Manane hayajashonwa. Anaweza kuzima simu, kufunga fremu na kupotea. Au anaweza kuwaita wanawake walewale watakaozivaa sare waje usiku huo na sindano, jambo ambalo haliwezekani bila kwanza kumpigia Bi Mwanahawa na kumweleza fedha zilikwenda wapi. Akiipiga simu ile, filamu imesema ilichotaka kusema, na hakuna aliyehubiri. Kinachofuata ni suluhu, na suluhu iwe fupi.

Taharuki na mshtuko

Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyefanya kazi kubwa Hollywood, alimweleza Mfaransa François Truffaut tofauti ya vitu hivi viwili kwa mfano ambao kila mwandishi wa filamu anapaswa kuujua. Watu wanazungumza mezani; ghafla bomu linalipuka chini ya meza. Mtazamaji ameshtuka kwa sekunde kumi na tano. Sasa chukua sini hiyohiyo, lakini kwanza mwoneshe mtazamaji bomu na saa inayohesabu. Mazungumzo yaleyale ya kawaida yanakuwa dakika kumi na tano za kubana pumzi.

Kwetu hapa bomu ni stakabadhi ya shule. Kama mtazamaji hajui fedha zilipokwenda, Bi Mwanahawa akiingia dukani tunaona wateja wawili wanaongea. Kama ameiona stakabadhi mezani sekunde tano kabla, kila neno la Bi Mwanahawa lina makali. Mwandishi anayeficha kila kitu ili amshangaze mtazamaji mwishoni huwa anatupa bure kitu chenye thamani kubwa zaidi, wasiwasi wa kila dakika. Kwa hiyo kwenye kila sini jiulize nani anajua nini: mhusika, mpinzani, mtazamaji. Ukimfanya mtazamaji ajue zaidi ya mhusika mmojawapo, una taharuki, na mara nyingi una kinaya pia.

Sini

Sini ni tukio linalotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kipimo chake: hali ya mhusika mwishoni iwe tofauti na ilivyokuwa mwanzoni. Isipobadilika, ifute hata kama maneno yake ni matamu. Ingia umechelewa, toka mapema. Salamu ndefu na kuagana havihitajiki isipokuwa vina kazi.

Hivi ndivyo mwanzo wa sini yetu unavyoandikwa na mtu anayeogopa mtazamaji hataelewa:

BI MWANAHAWA
Zuhura, zile fedha tulizokupa kama kamati ununue vitenge vya sare ya harusi ya Jumamosi, umeshanunua?

ZUHURA
Bado, Bi Mwanahawa. Kwa kweli nina hofu sana, maana mwanangu alirudishwa kutoka shule na mimi sina mume wa kunisaidia.

Kila mtu amesema kila kitu. Wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, na mwigizaji hana kazi ya kufanya zaidi ya kukariri. Sasa jaribu hivi:

NDANI. FREMU YA ZUHURA – JIONI

Zuhura anakata kitambaa cha sare ya shule. Pembeni ya mkasi, stakabadhi ya ada. Kivuli kinaangukia meza. Mlangoni amesimama BI MWANAHAWA (60), pochi kwapani. Zuhura anasukuma stakabadhi chini ya kitambaa.

ZUHURA
Shikamoo, Bi Mwanahawa.

BI MWANAHAWA
Marahaba, mwanangu. Naona rafu tupu.

ZUHURA
Mzigo niliuweka nyumbani. Hapa panya wengi.

BI MWANAHAWA
Umefanya vizuri. Mtoto wa watu asiingie ukumbini na kitenge kilichotafunwa.

Anapitisha kidole kwenye kitasa cha mlango, polepole, kama anayekagua mali yake.

BI MWANAHAWA
Kesho nitapita nyumbani. Nataka nikiguse kwa mkono wangu.

Anatoka. Zuhura anaichomoa stakabadhi, anaikunja, anaikunja tena, mpaka haikunjiki.

Hapa kuna maana iliyojificha chini ya maneno. Kidole kwenye kitasa kinasema "fremu hii ni yangu" bila mtu kutamka. Watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa sanaa hii na mtu. Tumekulia kwenye mafumbo, kwenye mtu kuvaa kanga yenye maandishi fulani mbele ya mtu fulani, kwenye "karibu" ambayo mgeni anajua maana yake ni "ondoka." Inashangaza kwamba tunapoandika filamu tunausahau utajiri huo na kuwafanya wahusika wetu waseme yaliyo moyoni kama wanaotoa ushahidi mahakamani. Sikiliza shangazi zako wanavyozungumza jikoni siku ya shughuli. Andika namna wanavyozunguka jambo.

Na salamu? Nimeiacha shikamoo, ingawa nimesema salamu ndefu zikatwe. Zuhura akiingia moja kwa moja kwenye maneno bila kumwamkia mwanamke wa miaka sitini, mtazamaji wa Kitanzania atadhani kuna ugomvi. Salamu hapa ina kazi: inampa Zuhura sekunde moja ya kutulia baada ya kuficha karatasi, na inaonesha nani yuko juu ya nani.

Andika kinachoonekana na kinachosikika

Mistari isiyo ya mazungumzo kwenye skripti huitwa maelezo ya matendo. Yaandikwe kwa wakati uliopo, mafupi, na kila kitu kilichomo kiweze kuonekana au kusikika. "Zuhura anakumbuka jinsi mama yake alivyomfundisha kushona" haina picha. "Zuhura anaweka mguu kwenye kanyagio. Anautoa. Anauweka tena" ina picha, na kumbukumbu imo.

Riwaya inaweza kukaa ndani ya kichwa cha mtu kwa kurasa tano. Shafi Adam Shafi katika Vuta N'kuvute anaweza kutueleza moja kwa moja yanayopita moyoni mwa Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee Raza kisha akamkimbia. Amil Shivji alipoifanya filamu mwaka 2021, mambo hayo yalilazimika kuhamia kwenye nyuso, vichochoro, mwanga na ukimya. Mwenye nafasi aisome riwaya na kuitazama filamu katika wiki moja, kalamu mkononi. Atajifunza mengi kuhusu kazi ya skripti. Tazama pia Pumzi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, filamu fupi ya dakika ishirini na kitu kuhusu dunia isiyo na maji. Mazungumzo ni machache mno, na kila tone la jasho linasomeka kama sentensi.

Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mchoyo na sauti ya msimulizi, ile inayosikika juu ya picha ikieleza mambo. Itumie pale inaposema kitu ambacho picha haiwezi, au inapopingana na picha. Kisengere nyuma nacho kina bei: kila unaporudi nyuma, hadithi ya sasa inasimama. Kabla ya kurudi kumwonesha mama yake Zuhura akiwa hai, uliza kama cherehani iliyofunikwa haijatosha. Nadhani imetosha.

Sura ya ukurasa

Kila sini hufunguliwa na kichwa chenye mambo matatu: ndani au nje, mahali, na wakati. Sababu yake ni ya kifedha. Meneja wa uzalishaji ataikusanya skripti yote kwa vichwa hivyo, aone sini ngapi ziko kwenye fremu, ngapi usiku, ngapi Kariakoo penye watu, kisha apange siku za kupiga picha. Ukiandika "FREMU" sini moja na "DUKA LA ZUHURA" sini nyingine, atahesabu lokesheni mbili. Jina la mahali likishawekwa lisibadilike.

Mhusika anapotokea mara ya kwanza, jina lake huandikwa kwa herufi kubwa pamoja na umri. Jina la msemaji hukaa juu ya maneno yake, karibu na katikati ya ukurasa. Maelekezo ya mabano, kama "kwa hasira," yaweke pale tu ambapo bila hayo mstari ungeeleweka vibaya. Mwigizaji mzuri ataiona hasira kwenye maneno. Usiandike kamera ivute karibu au izunguke, hiyo ni kazi ya mwongozaji. Aina ya herufi iliyozoeleka ni Courier, ukubwa wa 12, na kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya filamu. Ndiyo sababu mzalishaji akipokea kurasa 160 kwa filamu ya saa moja na nusu, hatasoma. Amekwisha kujua kwamba mwandishi hajapima.

Nje ya skripti utaombwa karatasi nyingine tatu. Logilaini ni sentensi moja au mbili zenye mhusika, lengo, kikwazo na dau. Yetu ingekuwa: "Fundi cherehani wa Tandika aliyetumia fedha za sare za harusi kulipia ada ya mwanawe ana siku tano za kushona magauni ishirini bila kitambaa wala fedha, chini ya macho ya mwenye nyumba ambaye hasamehi." Hakuna haja ya kutaja kilele. Sinopsisi ni ukurasa mmoja unaosimulia hadithi yote, mwisho ukiwemo; usimwachie msomaji fumbo, anataka kujua kama unajua kumaliza. Tritmenti ni ndefu zaidi, kurasa kadhaa za nathari kwa wakati uliopo, sini kwa sini, bila mazungumzo au na machache sana. Wengi huiruka. Mimi naiona ndiyo mahali pa bei nafuu pa kugundua kwamba Jumatano ya Zuhura haina tukio.

Rasimu ikiwa tayari, waite watu wanne au watano waisome kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja asome maelezo ya matendo. Wewe usisome, na usieleze kitu. Weka alama kila msomaji anapojikwaa, kila mahali anaporuka neno au kuongeza lake, na kila wanapoanza kuangalia simu. Waigizaji wetu wana uzoefu mkubwa wa kujitungia maneno papo kwa papo, kwa kuwa filamu nyingi zilipigwa kwa muhtasari tu. Wakilibadilisha neno lako, mara nyingi wamekupa zuri zaidi. Lichukue.

Kisha weka tarehe na namba ya rasimu kwenye ukurasa wa kwanza, tunza nakala, na uulizie usajili wa hakimiliki, COSOTA kwa walio Tanzania, KECOBO kwa walio Kenya, kabla ya kuituma kwa mzalishaji. Siku ya kuomba kibali cha kupiga picha, Bodi ya Filamu ya Tanzania itataka kuiona skripti, na itakuwa vizuri ile utakayopeleka iwe ndiyo ileile waigizaji walio nayo mkononi.